Macho Yangu Yalinitangulia Nyanza-Lac

Tangu nirudi mnakuja mmoja mmoja, mnakaa kwenye mkeka, mnaomba maji ya kunywa, halafu mnauliza mambo ya Nyanza-Lac. Nikianza kusimulia, Mama Zuhura ananikata, anasimulia yeye, na yeye hakwenda. Basi naandika. Shule niliacha darasa la tatu, kuandika nilijifunza kwa kunakili Biblia, kwa hiyo mkiona maneno yanayumba, nendeni nayo polepole. Habari za kutafuta karatasi ya kupita na za kubembeleza nafasi kwenye kamyo naziruka. Nyote mnazijua, zinachosha.

Rumonge, kabla ya kupanda

Wengine wenu mlihamia pwani yetu baadaye, hamkumjua mume wangu Elia. Alikuwa mvuvi, mtu wa Fizi ng'ambo ya ziwa kama mimi. Alicheka kwa pua. Jioni moja alitoka majini na kasia begani, vile wavuvi wote wanavyobeba, mti mbele na ubapa nyuma. Askari aliyekuwa analinda pwani akampiga risasi, akamwua. Alipoulizwa akasema ameona bunduki.

Wanaosema mambo haya yasitajwe majina, watanisamehe. Mimi nataja. Aliyepiga ni Kaporali Nestori. Na siku chache kabla, shefu wetu wa zoni, Baltazari, aliitisha mkutano sokoni, akasema mbele ya askari na mbele yetu: watu wa ziwa wote wanavusha waasi, mkiona mvuvi ana kitu kirefu begani msipoteze muda kuuliza. Nilikuwepo, nilikuwa nimebeba beseni. Wale wa msituni nao siwaachi. Komanda Mapengo, aliyejiita mtetezi wetu, alishuka kulipiza kisasi kwa askari, akachoma nyumba zetu sisi. Hivyo tulikimbia pande mbili kwa siku moja.

Katika kukimbia huko mtoto wangu Riziki alikuwa mkononi kwa Tabita, dada yake Elia. Umati wao ulivutwa kusini, wetu ukasukumwa kaskazini, njia ya Bujumbura. Nikakaa kambini, miaka ikapita, barabara ya kusini imefungwa, imefunguliwa, imefungwa. Watu waliniambia Tabita na mtoto walizama. Nililia nikamaliza. Kisha nikarudi Rumonge, na redio ikaanza kusema habari za mazungumzo ya amani ingawa milimani bado bunduki zilikuwa zinalia, ndipo Mama Zuhura akarudi kutoka kuuza mawese yake kusini na neno moja: Tabita alikufa Nyanza-Lac kwa kipindupindu, lakini mtoto alibaki mchangani, kwa mama mmoja anayekausha samaki wadogo, ndagala. Jina la mama huyo hakulipata.

Nilifunga kitenge, nikachukua kigauni cha maua nilichokuwa nimekishona kwa mkono, cha mtoto mwenye kimo kinachofika hapa kwenye nyonga yangu.

Rumonge mpaka Kigwena

Kamyo ilikuwa imebeba magunia ya chumvi. Juu ya chumvi tulikaa mimi, mama mmoja na kuku wake, na mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe ya kufuma. Alikuwa na sanduku la mbao na bomba refu la bati lililofungwa kamba. Aliitwa Mzee Sefu, wa ukoo wa wale Waarabu wa zamani wa Bujumbura wenye maduka. Ndugu zake wote waliuza vitambaa. Yeye alikwenda kusomea macho, akafanya kazi ya kupima macho mpaka akastaafu, na sasa alikuwa anapeleka miwani iliyotumika kwa wazee wa Nyanza-Lac, misheni ilikuwa imemwita.

Hatujafika mbali nikamwona Riziki. Alikuwa kando ya barabara na mtungi kichwani, kigauni chekundu, miguu myembamba. Nikapiga ngumi bati la kibanda cha dereva. Pasikali, dereva, akasimama. Nikaita. Mtoto akageuka, na alipogeuka uso wa Riziki ukatoka usoni mwake kama mtu anavyovua kofia. Ulikuwa uso wa mtoto mwingine kabisa.

Tukaenda. Nikamwona tena penye daraja. Nikapiga bati. Mtoto yule hata msichana hakuwa.

Mara ya tatu Pasikali akatoa kichwa dirishani. "Mama, kila mutoto wa Burundi iko wako? Basi baba yao alifanya kazi nzuri."

Watu wakacheka. Mama wa kuku akamwambia Pasikali anyamaze, kuna wanaotafuta watu wao. Pasikali akarudisha kichwa ndani, na tuliposimama tena kumwaga maji kwenye injini akaja akaniletea muhindi wa kuchoma bila kunitazama. "Kula, mama. Mdomo yangu ilitangulia."

Ndipo nikamwambia Mzee Sefu kwamba macho yangu yamekufa. Akafungua sanduku, akatoa karatasi ngumu yenye alama kama kitana cha meno matatu, kubwa juu, ndogo chini, nyingine meno yameangalia kushoto, nyingine kulia. Akamwomba mama wa kuku aishike mbali, huku kuku wanampiga mabawa. Nikaonyesha kwa mkono meno yanaangalia wapi, mpaka ule mstari wa chini kabisa.

"Macho yako ni mazima kuliko yangu," akasema.

"Kama ni mazima mbona yananidanganya?"

"Hayakudanganyi macho. Anayekimbia mbele ni ubongo."

Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mtu aliyeacha darasa la tatu. Akafikiri. Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia ninanunua ndagala alfajiri na kuzikausha.

"Vizuri. Alfajiri mnasimama pwani, mitumbwi inarudi. Bado giza. Wewe unasema, ule pale ni wa fulani, wa bluu. Kweli?"

"Kweli. Na sikosei sana."

"Hiyo bluu unaitoa wapi? Gizani hakuna rangi. Jicho linakuletea kivuli kidogo tu. Ubongo haungoji mtumbwi ufike, unachukua bluu unayoijua, unaupaka. Wewe unaona bluu kabisa, siyo unafikiri, unaona. Mtumbwi ukikaribia ndipo jicho linaleta habari zaidi, na ubongo unasahihisha. Kila siku, kwa kila kitu, tunaona hivyo. Unachokitarajia kinatangulia, kilichopo kinakuja nyuma kusahihisha. Na ukikitaka kitu sana, mama, ukakitaka kwa miaka, ubongo unakipaka mpaka kwenye mti."

Nilijua anasema kweli, maana hata wakati ule, wakati anaongea, nilikuwa naangalia kando ya barabara juu ya bega lake, naangalia watoto wadogo wa kike, mmoja mmoja.

"Ndizi yako iko wapi?" akaniuliza.

Niliangalia mapajani. Nilikuwa nimepanda na ndizi mbivu kwenye kitambaa. Kitambaa kipo, ndizi hakuna. Ganda lake lilikuwa mkononi mwa Mzee Sefu, na mama wa kuku alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Nimeila hapa hapa, mbele ya uso wako," akasema. "Nilikuwa nataka kukuonyesha jambo la pili. Ukiangalia kitu kimoja kwa nguvu zote, vingine vinapita na huvioni, hata vikiwa mapajani."

Nilimkasirikia kweli. Mtu mzima kula ndizi ya mama mjane, kisha aite elimu. Nilimwambia hivyo, na yeye akaomba radhi kwa heshima kubwa, akasema Kigwena atanilipa samaki.

Kigwena, kwenye bariyeri

Kigwena msitu unashuka mpaka karibu na barabara, ule msitu wa miti mikubwa, halafu michikichi inaanza. Huko nyuma watu wengi waliuawa mle ndani na pande zote mbili, kwa hiyo kila anayepita pale anapunguza sauti. Kulikuwa na bariyeri ya askari, mti umelazwa juu ya madebe. Magari yalisimama kwa sababu mbele kulikuwa na mlio wa bunduki, au mtu alisema kulikuwa na mlio. Tulikaa pale tangu jua liko juu ya milima mpaka likawa juu ya vichwa.

Mzee Sefu alinilipa. Mama mmoja alikuwa anakaanga mukeke kwa mawese pembeni ya barabara, na muhogo wa kuchemsha, na pilipili ambayo ilinifanya nisahau hasira. Tulikula kwa mkono sahani moja. Alinitengea kichwa cha samaki, maana alinisikia nikisema kichwa ndicho kitamu. Kisha ulipofika wakati wa swala akatandika koti lake mchangani, na Pasikali, ambaye ni Mkatoliki, akanung'unika kwamba barabara ikifunguliwa hatamngoja mtu. Barabara haikufunguliwa. Pasikali akasema labda Mungu wa muzee iko na nguvu hapa, na kama ni hivyo amwombee pia tairi ya nyuma.

Baada ya swala Mzee Sefu alikuwa anarudi kwenye kamyo, bomba lake la bati begani. Alikuwa amelibeba kwa sababu hakutaka kuliacha juu ya chumvi. Askari mmoja kijana, aliyekuwa amelala chini ya mti, akaamka, akaona, akainua bunduki.

"Weka chini bunduki. Weka chini."

Kila mtu akalala chini. Mimi sikuweza. Nilisimama na vidole vyangu vina mawese, naangalia jambo nililokwisha kuliona. Kitu kirefu begani, mtu anatoka upande wa ziwa, na askari mwenye hofu.

Mzee Sefu hakukimbia. Hakulitupa bomba pia. Alisimama, mkono mmoja juu, akasema kwa sauti ya mtu anayempima mgonjwa: "Kijana wangu, unaona bunduki. Nakuamini. Sasa angalia mara ya pili. Usiharakishe. Angalia mwisho wake, una nini?"

Yule kijana akakaza macho kwenye ncha ya bomba.

"Una... una kamba," akasema.

"Na rangi yake?"

"Bati."

"Ahsante. Naliweka chini. Ndani mna karatasi za kupima macho. Ukitaka nitakupima, bure."

Yule kijana akashusha bunduki, akakaa chini. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Akasema, "Niliona mudomo wa bunduki. Naapa niliona, muzee. Niliona na tundu."

"Najua uliona," akasema Mzee Sefu. Akamshika bega. Baadaye alimpima macho kweli, kijana ameshika kofia mkononi, na walicheka pamoja kidogo. Mimi sikucheka.

Kigwena kwenda Nyanza-Lac

Bariyeri ilipofunguliwa tukaenda mpaka michikichi ikawa mingi pande zote. Kisha nikamwuliza Mzee Sefu lile lililokuwa linanichoma. Nikamsimulia kasia, Elia, Nestori.

"Basi Nestori naye aliona bunduki kweli," nikasema.

"Inawezekana aliona, mama. Jioni, hofu, kitu kirefu. Inawezekana."

"Basi hana kosa. Ndiyo unataka kuniambia? Ubongo wake ndio ulipiga?"

"Sikusema hivyo." Alivua kofia, akajikuna kichwa. "Yule kijana wa leo ameona kama Nestori alivyoona. Lakini aliangalia mara ya pili. Hiyo mara ya pili iko mkononi mwa mtu. Nestori alikuwa nayo, hakuitumia."

"Na Baltazari?"

"Yeye alifanya nini?"

Nikamwambia maneno ya mkutano, neno kwa neno. Nimeyahifadhi kama zaburi. Mzee Sefu alivaa kofia yake tena.

"Huyo hakuwa na giza," akasema. "Huyo alikuwa mchana sokoni, na hakuna aliyemwelekezea kitu. Alichora bunduki ndani ya macho ya wengine kabla hawajaona kitu chochote."

Leo Baltazari ana shamba la michikichi Kizuka, anasalimiwa. Mkimwona msinyamaze kama vile hakuna kitu. Mimi Nestori nimempunguzia kidogo moyoni, kidogo sana, kama ncha ya kijiko. Baltazari nimemwongezea.

Nilitaka kulia lakini Pasikali alikuwa amefungua redio, muziki wa Kongo, na mama wa kuku alikuwa anacheza mabega, na nikajikuta naangalia kando ya barabara tena. Mzee Sefu aliona. Hakunizuia. Alisogea tu, ili bega lake lisinikinge.

Nyanza-Lac, mchangani

Tulifika jua linakwenda upande wa Kongo. Mzee Sefu aliniombea mahali pa kulala kwa masista. Asubuhi nikashuka mchangani.

Mnaijua kazi yetu, lakini Nyanza-Lac mchanga wao ni mpana kuliko wetu. Ndagala zilikuwa zimeanikwa mpaka jicho linachoka, kama ardhi imevaa fedha. Niliuliza kwa kila mwanamke: mtoto mdogo wa kike, wa Rumonge, aliletwa na mama aliyekufa kwa kipindupindu. Wengine walinijibu kwa upole, wengine walinijibu kama mbwa, maana katika miaka ile mtu aliyekuja kuuliza majina ya watu hakuwa anakuja na heri. Hilo nililisahau. Nilikuwa nimezoea kuwa mimi ndiye ninayeogopa.

Kwenye uwanja wa mwisho mwenyewe hakuwepo, alikuwa amekwenda kusagisha muhogo, anaitwa Mama Leokadia. Wasichana walikuwa wanachambua kokoto kwenye ndagala zilizokwisha kukauka. Nikaona ni bora nimngoje huku nafanya kazi. Nikakaa kwenye turubai karibu na msichana mmoja mrefu, mifupa mitupu, kichwa amenyoa, kovu la moto kwenye mkono. Tukaweka beseni katikati.

Mnajua kuchambua kulivyo. Jicho linakuwa la kokoto. Ndagala unaacha kuziona, mikono unaacha kuiona, unaona kokoto tu, na kokoto zinakurukia zenyewe kama zimeitwa. Tukachambua. Alikuwa anaongea Kirundi zaidi, Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata.

"Mama, unatafuta nani?" akaniuliza.

"Mtoto wangu. Anaitwa Riziki. Riziki wa Elia, wa Rumonge."

Mikono yake ikasimama. Nawaambia leo kwa sababu naikumbuka, iko kichwani mwangu mahali fulani, mikono miwili imesimama juu ya samaki. Lakini siku ile nilikuwa naangalia kokoto.

"Iko aje?" akasema.

"Mdogo. Hapa tu. Meno ya mbele hana, yalikuwa yameng'oka. Nywele nyingi, hapendi kusukwa."

Akanitazama sana. Kisha mikono ikaanza tena. "Mutoto wa hivyo haiko hapa."

"Wewe ni wa hapa?"

"Niko wa mulima, wa Makamba. Mama Leokadia ni shangazi yangu. Naitwa Keza." Aliyasema yote kwa mkupuo mmoja, kama somo. "Mama yangu iko Tanzania. Atakuja kunichukua."

"Atakuja, mwanangu," nikamwambia. Nilimwonea huruma. "Yukoje mama yako?"

Akaacha kuchambua, akainua mkono juu ya kichwa chake, juu, mpaka mkono wote ukanyooka. "Ni murefu. Munene. Akiita, watu wa ng'ambo wanasikia."

"Mungu amlete."

"Na wako Mungu amulete," akanijibu.

Nikamgawia muhogo wangu. Akala kwa adabu, amenigeuzia mgongo kidogo. Mama Leokadia hakurudi, nikasema nitakuja kesho.

Nyanza-Lac, kesho yake

Asubuhi, kabla wagonjwa hawajajaa, Mzee Sefu alikuwa anapanga miwani kwenye meza ya misheni. Nilimwonyesha kigauni. Nilitaka tu mtu akione. Akakiinua kwa kukishika mabega, akakitazama.

"Ni kizuri. Cha nani?"

"Cha Riziki."

"Riziki ana umri gani?"

Nikamwambia alikuwa ameng'oka meno ya mbele tu.

"Alikuwa. Nimeuliza sasa."

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Nilijua kuhesabu ndagala, nilijua miaka ya vita, nilijua Elia angekuwa na mvi kiasi gani. Mtoto wangu sikuwa nimemkuza. Kwa miaka yote ile nilimwacha amesimama pale pale, kwenye nyonga yangu, hana meno.

Mzee Sefu alikunja kigauni vizuri, akanirudishia mikononi.

Nilirudi mchangani kwa yule msichana mrefu, nakimbia na viatu mkononi. Lakini njiani nikapunguza mwendo, kisha nikasimama kabisa, maana hofu nyingine ilikuwa imenishika. Nilimwona Riziki kwenye daraja. Nilimwona kwa mtoto wa kiume. Sasa nikimtaka huyu msichana mrefu awe Riziki, macho yangu yatampaka Riziki mpaka nimwibie mwanamke mwingine mtoto wake, yule wa Tanzania. Macho yangu yalikuwa mazima na sikuweza kuyaamini.

Nikaamua kitu kimoja. Sitamwambia neno. Nitamwacha aseme yeye.

Mama Leokadia alikuwepo, mama mfupi mnene mwenye sauti ya chuma. Nilimsalimia kwa Kirundi, amahoro, nikamwambia mimi ni nani, nikamwomba niongee na yule msichana mbele yake. Akanitazama kuanzia miguuni.

"Walikuja wengine na majina," akasema. "Waliyempata hatukumuona tena. Huyu nilimufundisha kusema yeye ni wa mulima. Jina la zamani nilimukataza. Ukimudanganya, mimi nitakuzika hapa kwenye muchanga."

"Unizike," nikasema.

Akamwita. Yule msichana akaja, akasimama, mrefu kunipita kwa kidole kimoja. Nikamwambia: "Mwanangu, mimi sitasema kitu. Niambie wewe baba yako alikuwa anafanya nini akitoka ziwani."

Akamwangalia Mama Leokadia. Mama Leokadia akasema kwa Kirundi aseme, asiogope.

Msichana akasema polepole, kwa Kiswahili, na Kiswahili chake safari hii hakikuwa cha kukatakata, kilikuwa chetu, cha nyumbani: "Alikuwa anatoa kopo la kumwagia maji ya mutumbwi. Alikuwa ananivalisha kichwani. Maji inaniingia kwenye shingo. Anasema sasa wewe ni komanda wa ndagala."

Hilo hakuna aliyelijua. Hata ninyi hamkulijua mpaka leo. Nilikuwa nasimama mlangoni kila siku nagomba kwamba mtoto atapata mafua.

Nikasema, "Na mama alikuwa anagomba."

"Ndiyo." Kisha uso wake ukajifunga. "Lakini wewe si yeye. Mama yangu ni murefu. Wewe uko mufupi. Jana nilikuangalia sana. Nilitaka iwe wewe, nikaangalia, haukuwa."

Mama Leokadia akataka kumkemea, nikamzuia kwa mkono. Mtoto alikuwa anasema kweli. Alikuwa amenitafuta kwa miaka yote kwa macho yaliyokuwa chini, kwenye nyonga yangu, na mwanamke aliyemtafuta hakuwahi kuwepo popote isipokuwa juu ya kichwa cha mtoto mdogo.

"Kaa chini," nikamwambia.

"Chini wapi?"

"Hapa hapa. Kwenye mchanga."

Akakaa, amekunja magoti, miguu mirefu haijui pa kwenda. Mimi nikasimama mbele yake. Nikakaza kitenge. Nikajinyoosha, mgongo wangu unauma, mnaujua mgongo wangu. Jua lilikuwa nyuma yangu.

"Sioni," akasema. "Jua."

Nikasogea hatua moja, kivuli changu kikamfunika uso. Akainua kichwa. Aliangalia kidevu changu kwa chini, na tundu za pua, na shingo, vitu ambavyo mtu mzima haangalii kwa mtu mzima mwenzake. Aliangalia mara ya kwanza, akapepesa, akaangalia tena. Mdomo wake ukapinda upande mmoja, vile ulivyokuwa unapinda wa baba yake Elia.

Hakusema mama. Aliinua mikono yake miwili juu, vidole vimefunguka, vile mtoto anavyoinua akitaka kubebwa.

Nikainama, nikamshika kwapani, nikambeba. Hakubebeka. Alikuwa amekuwa mzito, na mimi nimekuwa mwepesi, tukaanguka wote wawili juu ya ndagala za watu, na Mama Leokadia akaanza kugomba kwamba tunaharibu samaki, ndagala za wateja hizi, ni nani atazilipa. Aligomba mpaka alipotuangalia vizuri. Kisha akanyamaza, akapiga magoti pembeni yetu, akaanza kuzitoa ndagala kwenye nywele zangu, moja moja, anazirudisha kwenye beseni.